Honda CX500 ya mwaka 1979 inazima ikipata moto na inadondosha maji nyuma: je, nishushe injini?

Mvita_Leicester (mleta mada)

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa ninayeishi Leicester, Uingereza, na mwaka jana nilinunua Honda CX500 ya mwaka 1979 kutoka kwa mjane wa jirani yangu. Marehemu aliitunza gerejini kwa miaka mingi huku akiitoa mara chache sana wakati wa kiangazi, na kipimo chake kinaonyesha maili 38,000. Kwa wasioifahamu, injini yake ina silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V lenye pembe ya nyuzi 80 na ujazo wa sentimita za ujazo 497, inapozwa kwa maji, na nguvu yake hufika gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya cheni. Silinda zake zimetokeza kushoto na kulia kwa mpandaji, kama zilivyo za Moto Guzzi, tofauti na Harley-Davidson ambayo silinda zake hufuatana mbele na nyuma.

Tatizo la kwanza ni kwamba asubuhi inawaka mara moja na kutembea vizuri, lakini baada ya dakika ishirini hivi inaanza kumisi, kisha inazima kabisa. Nikijaribu kuiwasha hapo hapo, stata inazungusha injini kwa nguvu lakini haishiki. Nikiiacha nusu saa ipoe, inawaka kana kwamba haikuwa na shida yoyote. Tatizo la pili ni mlio wa kugongagonga unaotoka upande wa nyuma wa injini, ambao husikika zaidi ninapoachia resi. La tatu ni tone la maji ya rejeta ninalolikuta sakafuni kila asubuhi, chini ya sehemu ile ile ya nyuma.

Nimekwisha kubadilisha plagi na betri. Gereji moja ya hapa mjini ilinitoza fedha nyingi kwa kufungua na kusafisha kabureta zote mbili, ikanirudishia pikipiki ikiwa na tatizo lile lile, na sasa inaniambia kwamba lazima injini ishushwe bila kunieleza ni kwa sababu gani. Vifaa vya mkono ninavyo, nafasi ninayo, na kazi siiogopi, ila sipendi kushusha injini kwa kubahatisha. Naomba maelezo ya mtu anayeijua mashine hii kwa ndani.

Tarishi_Mstaafu

Mwanangu, nimeipanda CX500 London miaka ya themanini nikiwa tarishi wa kupeleka barua na vifurushi, tangu asubuhi hadi usiku, siku sita kwa wiki. Wakati huo matarishi wengi wa jiji lile waliipenda pikipiki hii kwa sababu haikuwa na cheni ya nyuma ya kupaka grisi, na kwa sababu haikuchoka upesi. Waingereza waliipachika jina la funza wa plastiki kwa sababu ya umbo lake, lakini waliokuwa wakila kwa jasho lake waliiheshimu.

Dalili zako tatu zote zinaelekeza sehemu moja, nayo ni kifuniko cha nyuma cha injini. Hapo ndipo penye ufunguo wa mashine hii, na nitakueleza kwa nini.

Ndani ya kifuniko hicho mna statori, yaani ile duara ya koili inayozalisha umeme. Katika miundo ya kwanza ya CX500, pamoja na yako ya 1979, statori hiyo ina kazi mbili. Koili zake nyingi huchaji betri, na nyingine chache, zilizosukwa kwa waya mwembamba sana, hutoa umeme wa kulisha CDI, yaani kile kisanduku cha elektroniki kinachopeleka moto kwenye plagi, moja ikihudumia mwendo wa chini na nyingine mwendo wa juu. Umeme wa plagi hautoki kwenye betri hata kidogo, na ndiyo maana betri yako mpya haikubadilisha chochote. Koili hizo zimeishi ndani ya oili ya moto kwa zaidi ya miaka 40. Rangi inayoukinga waya huchakaa, na waya wenyewe hupata ufa mdogo ambao ukiwa baridi unagusana na umeme unapita, lakini injini ikipata moto waya unatanuka, ufa unaachana, na plagi zote mbili zinakosa moto kwa wakati mmoja.

Maji nayo yana asili hapo hapo. Pampu ya maji haina mkanda wala gia yake ya pekee, kwani pangaboi lake limefungwa kwenye ncha ya nyuma ya kemshafti (shafti inayofungulia valvu), na kati ya maji na oili kuna sili. Honda waliacha tundu dogo chini ili sili ikichoka maji yatoke nje badala ya kuingia kwenye oili. Kwa hiyo tone unaloliona ni onyo lililokusudiwa tangu siku pikipiki iliposanifiwa. Likitoka oili badala ya maji, basi iliyochoka ni sili ya upande wa pili.

Mlio wa nyuma ni taiming cheni, ile inayoizungusha kemshafti, au kibanio kinachoikaza, ambavyo pia viko nyuma. CX500 za mwanzo kabisa, za mwaka 1978, zilikuwa na kasoro katika kibanio cha cheni hiyo, na Honda waliziita zirudi zikarekebishwe. Injini iliyorekebishwa iligongwa vidoto vitatu karibu na namba ya injini. Chukua tochi, safisha mahali pale kwa petroli, uangalie.

Sasa ubaya wake ni kwamba kifuniko cha nyuma hakifunguki injini ikiwa kwenye fremu. Ndiyo maana wenye CX500 duniani kote wana desturi ya kufanya kazi tatu kwa mpigo mmoja: injini ikishashushwa kwa sababu yoyote ile, unabadilisha statori, sili ya pampu na taiming cheni pamoja na miongozo yake, hata kama mojawapo bado inaonekana nzima. Niliwahi kubadilisha sili peke yake kwa kuona fedha ya cheni ni nyingi, na baada ya miezi minne nilikuwa nimelala sakafuni tena nikiishusha injini ile ile. Shusha injini, mwanangu, lakini ishushe mara moja tu.

Pwani_Hamburg

Namheshimu sana mzee hapo juu, na aliyoyasema kuhusu kifuniko cha nyuma ni sahihi. Hata hivyo ningekusihi usiguse boliti hata moja ya injini kabla ya kuthibitisha, maana pikipiki inayozima baada ya dakika ishirini na kuwaka tena ikipumzika inaweza kuwa na sababu nyepesi zaidi. Ninayo CX500 hapa Hamburg kwa mwaka wa kumi na moja sasa (Wajerumani huiita Güllepumpe, yaani pampu ya samadi ya maji, na hulitamka jina hilo kwa mapenzi), na mara ya kwanza iliponizimikia njiani kosa lilikuwa kwenye kifuniko cha tangi. Kitundu cha kuingizia hewa kilikuwa kimeziba, petroli ikawa haishuki. Kwa hiyo ikizima, fungua kifuniko cha tangi kwanza. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na injini ikawaka, umejiokolea wiki nzima ya kazi.

Isipowaka, uwe na plagi ya akiba mfukoni. Ichomeke kwenye kofia ya waya wa plagi, iegemeze kwenye chuma cha injini, kisha zungusha stata uangalie moto, upande wa kushoto na baadaye wa kulia. Moto ukikosekana upande mmoja tu, statori huenda haina hatia, na mashaka yawe kwa koili ya plagi ya upande huo, waya wake, au sehemu moja ya CDI. Ukikosekana pande zote mbili, basi mzee yuko sahihi na hatua inayofuata ni mita ya umeme. Chomoa soketi ya waya zinazotoka kwenye statori, pima ukinzani wa koili za CDI injini ikiwa baridi, uandike, kisha pima tena dakika ile ile inapozima. Kipimo cha baridi peke yake hudanganya sana katika ugonjwa huu. Angalia pia hiyo soketi yenyewe, kwa sababu pini zake huungua na kuwa nyeusi, na ukinzani wa pini iliyoungua unaweza kukufanya uihukumu koili isiyo na kosa.

Ikithibitika kwamba koili za CDI zimekufa, bado kuna njia ambayo haihitaji kushusha injini siku hiyo hiyo. Kampuni ya Ignitech ya Jamhuri ya Czech hutengeneza CDI inayolishwa na betri, ambayo haizihitaji kabisa zile koili nyembamba. Mimi ndiyo ninayoitumia. Sharti lake ni kwamba koili za kuchaji ziwe nzima na betri iwe nzuri, kwa kuwa sasa plagi zinaitegemea betri. Kwa mtu ambaye maji yake hayavuji na cheni yake haigongi, ningesema hilo linatosha. Kwako wewe, mwenye dalili zote tatu, nakiri kwamba itakuwa ni kuahirisha tu, lakini walau utaamua ukiwa na ushahidi mkononi.

Fundi_Ilala

Mimi ni fundi wa pikipiki Ilala, Dar es Salaam, na kazi yangu ya kila siku ni bodaboda za silinda moja. Hata hivyo, niliwahi kuifanyia kazi CX500 moja iliyoletwa na mtu aliyerejea kutoka Ulaya, kwa hiyo nitasema kuhusu huo mlio tu, maana umeme wenzangu wameumaliza.

Usihukumu taiming cheni kabla ya kupima tapeti, yaani nafasi kati ya valvu na kile kinachoisukuma. Kila silinda hedi ina valvu nne, na kila valvu ina skrubu yake ya tapeti pamoja na nati ya kufungia, kwa hiyo zote pamoja ni nane. Injini ikiwa baridi kabisa, nafasi ya valvu za kuingizia ni milimita 0.08 na ya valvu za kutolea moshi ni milimita 0.10. Vipimo hivyo ni vidogo, na fundi aliyezoea pikipiki nyingine hupenda kuacha nafasi kubwa zaidi kwa hofu ya kubana, kisha injini inapiga kelele na lawama inakwenda kwa cheni.

Baada ya tapeti, linganisha kabureta. Hizo kabureta mbili zisipovuta sawasawa, silinda moja inaisukuma krankishafti (shafti kuu ya injini) kwa nguvu kuliko nyingine, na kwenye injini hii jambo hilo husikika kama kitu kilicholegea. Kumbuka kwamba silinda zote mbili zinatumia pini moja ya krankishafti, kwa hiyo milipuko yake haipishani kwa nafasi sawa: kati ya mmoja na wa pili kuna nyuzi 280, na kati ya wa pili na wa kwanza unaofuata kuna nyuzi 440. Mngurumo wake kwa asili ni wa kuchechemea. Ukiongeza resi ukiwa umesimama utaona pikipiki inainama kidogo upande mmoja, kwa kuwa krankishafti imelala kwa urefu wa pikipiki, na hilo pia si ugonjwa. Gereji iliyofungua kabureta zako bila kuzilinganisha kwa geji za mvuto inaweza kuwa imekuongezea mlio ambao hukuwa nao.

Mlio ukibaki baada ya hayo mawili, chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake kwenye kifuniko cha nyuma na mpini wake sikioni, injini ikinguruma taratibu. Cheni iliyolegea hutoa sauti ya kukwaruza yenye mpigo, na ukipandisha resi kidogo inapotea. Kibanio cha CX500 yako hakijikazi chenyewe. Kuna boliti ya kukifungia nyuma ya injini, ambayo hulegezwa alama za taiming zikiwa mahali pake, springi ikavuta cheni, kisha boliti ikakazwa. Ikiwa umelegeza kwa utaratibu na sauti haikubadilika hata kidogo, springi imefika mwisho wa safari yake na cheni imerefuka. Hapo sina pingamizi, injini ishuke.

Na ikishuka, nakuomba jambo moja kwa moyo wote: usipake silikoni nyingi kwenye gasketi. Injini nyingi za watu zimekufa mikononi mwa mafundi wa silikoni, kwa sababu kinachobanwa kikamwagikia ndani hukatika, husafiri na oili, na huziba tundu dogo ambalo hakuna atakayeliona mpaka beringi ziungue.

Mvita_Leicester (mleta mada)

Wazee wangu na ndugu zangu, nimekaa kimya wiki sita kwa sababu nilitaka kurudi na majibu kamili.

Nilianza na kifuniko cha tangi kama nilivyoshauriwa na ndugu wa Hamburg. Hakikuwa na kosa. Plagi ya akiba ilionyesha kwamba pikipiki ikizima moto unakosekana pande zote mbili. Kisha nikapima koili za CDI: asubuhi koili zote mbili zilikuwa na ukinzani, lakini nilipopima kando ya barabara dakika ile ile ilipozima, mojawapo haikuonyesha chochote, kana kwamba waya umekatwa kwa mkasi. Baada ya dakika thelathini na tano kipimo kilirudi chenyewe huku nikikitazama. Nilifarijika kuona kwamba pikipiki ile haikuwa na maajabu yoyote.

Tapeti mbili za kutolea moshi zilikuwa zimelegea, na kabureta kweli hazikulingana. Nilipozirekebisha, nusu ya kelele ilikwisha. Nusu iliyobaki ilikuwa ya cheni, na boliti ya kibanio haikuleta mabadiliko yoyote, kwa hiyo niliamua kushusha injini.

Kazi hiyo niliifanya na mpwa wangu kwa muda wa Jumamosi nne. Fremu ya CX500 ni uti wa mgongo unaopita juu, na injini imening'inia chini yake, kwa hiyo tuliinua pikipiki, tukaweka jeki yenye ubao chini ya injini, tukatoa tangi, kabureta, ekzosi, rejeta na feni yake, kisha tukaisogeza injini mbele polepole mpaka ikaachana na shafti. Ukitaka kuwa peke yako kwa hatua hiyo ya mwisho utajiumiza. Feni tuliikuta na ufa mrefu kwenye jani moja. Nimeambiwa kwamba feni hizi za plastiki zikivunjika katika mwendo hupasua rejeta, kwa hiyo niliagiza nyingine bila kusita.

Vidoto vitatu tulivikuta karibu na namba ya injini, vikiwa vimefunikwa na rangi. Ndani, mwongozo mmoja wa cheni ulikuwa umelika mpaka ukawa na mifereji miwili ambayo kidole kinaihisi. Statori niliipeleka kwa mtu wa kusuka upya koili, kwa sababu nilitaka umeme wa plagi ubaki vile ulivyosanifiwa, ingawa najua ndugu wa Hamburg angechagua vingine. Sili ya pampu ilinitaabisha kuliko vyote. Ya kwanza niliiingiza ikaenda upande, nikaiharibu, ikabidi ninunue ya pili na kuisukuma kwa bomba la kipenyo chake, taratibu, ikiwa imenyooka. Nati ya pangaboi la pampu ina washa ya shaba chini yake, nami niliweka mpya.

Jumapili iliyopita nilikwenda hadi Skegness, ufukweni mwa Bahari ya Kaskazini, na kurudi. Haikuzima, na asubuhi yake sakafu ilikuwa kavu. Kwa umri wake pikipiki hii haidaiwi tena kodi ya barabara wala ukaguzi wa kila mwaka hapa Uingereza, lakini nitaipeleka ikaguliwe breki na matairi kwa hiari yangu, kwa sababu mpwa wangu ameomba nimpakie.

Swali langu lililobaki ni kuhusu oili na maji. Je, naweza kutumia oili ya gari, na maji ya rejeta ya aina yoyote?

Tarishi_Mstaafu

Hongera, mwanangu. Oili ya gari usiweke, hasa zile zinazotangazwa kupunguza matumizi ya petroli, kwa sababu klachi yako inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini na itaanza kuteleza. Tafuta ya pikipiki yenye alama ya JASO MA (kiwango cha oili zinazofaa klachi ya namna hiyo), unene wa 10W-40, nayo huingia lita tatu hivi. Maji ya rejeta yawe ya aina isiyo na silikati, kwa kuwa silikati huisugua ile sili uliyoihangaikia. Ukishatembea maili mia tano au sita, pima tapeti tena na ulegeze boliti ya kibanio mara moja, maana cheni mpya hurefuka kidogo mwanzoni kabla ya kutulia.